Mteremko

Fundi ni yeye mwenyewe, ila leo
mikono ni ya Famau, wa kidato cha pili,
amechelewa shule na mwalimu ameambiwa.
Kiti kimesimama nyuma ya kizingiti, kimetiwa breki.
"Pima," asema Lali. "Usikisie.
Aliyekisia uzito wa boriti ni mimi."

Kizingiti chetu ni inchi nane.
Kijana wa mazoezi wa hospitali ndiye aliyetufunza hesabu:
kila inchi moja ya kupanda
yataka inchi kumi na mbili za kwenda mbele,
ama kiti kitarudi kinyumenyume na mtu wake.
Famau akaandika kwa mkaa ukutani: 96.
Futi nane! Na uchochoro huu wetu wa Langoni
punda wawili wenye shehena hawapishani.
Itabidi tuulaze mteremko ubavuni mwa ukuta,
uingie futi mbili mlangoni kwa Bi Mwanaidi,
ambaye hatujasemezana tangu ule ugomvi wa mfereji.

Mombasa daktari alimchora mstari chini ya kitovu.
"Juu ya hapa ni pake. Chini ya hapa, tungoje."
Tungoje mpaka lini?
"Mwaka. Pengine miwili." Akafunika kalamu.
Uti umepondeka, alisema, haukukatika.
Nilirudi Lamu na maneno hayo mawili,
moja kila mkono, nisijue zito ni lipi.

Usiku hugeuzwa kila baada ya saa mbili.
Saa nne ni mimi. Saa sita ni Somoe, macho nusu.
Saa nane ni shemeji Aboud, ananuka dizeli ya jenereta.
Saa kumi ni mamake, kisha hujitilia udhu.
Miezi saba, na mgongoni hana kidonda hata kimoja.
Wako wanaoringia dhahabu. Mimi naringia ngozi hiyo.

Sisemi kwamba ni malaika.
Sahani ya wali ameshairusha ukutani.
Ule mpira wa mkojo hataki Somoe auone,
na siku moja aliniambia, uso kwenye mto,
"Rudi kwenu, Mwanatumu. Bado u kijana."
Nikamjibu kwetu ni mlango wa tatu,
na asubuhi nilishakwenda, kuazima mwiko.

Mwezi wa tano kidole gumba kiliruka.
"Kimeteza!" mamake akapiga kelele. "Nimekiona kwa mato yangu!"
Vigelegele, majirani, kaimati za bure hadi magharibi.
Kijana wa mazoezi akakibonyeza, akainama chini:
huo ni msuli unajishtukia wenyewe,
hakuna salamu iliyotoka juu.
Mama hakulisikia neno hilo, wala halisikii mpaka leo.
Lali alilisikia. Akaniambia nimfunike miguu.

Kwa hiyo la mwezi wa saba sikumwambia mtu.
Nilikuwa namwosha paja la kushoto, akasema
"Maji yako leo baridi."
Nikanyamaza. Nikamimina tena.
"Baridi, nimekwambia."
Nililifunga pembeni mwa leso, kama chenji,
na hadi sasa sijui litanunua nini.

Bi Mwanaidi ametoka. Anaitazama ile 96,
anautazama mchanga, ananitazama mimi.
"Futi mbili ni zangu," asema.
Koleo la Famau likasimama hewani.
"Basi ukingo mniwekee laini.
Haya magoti yangu nayo hayapandi tena."

Mchanga tatu, saruji moja. Lali anaufundisha mkono usio wake:
bonyeza, vuta, usiirudie rudie, itatoa maji.
Mpaka adhuhuri mteremko umelala pale,
kijivu, unang'aa, umepinda kidogo upande wa jirani.
"Siku saba," fundi atangaza uchochoro mzima,
"asiukanyage mtu."
Akangoja.
"Hata mimi."
Mamake ndiye aliyecheka kwanza,
kisha Bi Mwanaidi, amejishika kiuno.

Jioni nauunyunyizia saruji isipasuke.
Ndoo imebaki robo.
Ameuvuta msuli wake juu ya goti, ananingoja.
"Hilo la kushoto," asema. "Usiniambie lini unamimina."